Kupigana na Panya kwa Akili na kwa Huruma

Hakuna nyumba yenye chakula isiyojua habari za panya. Mwenye nyumba alalapo husikia nyayo darini. Asubuhi huona gunia limetobolewa, sabuni imetafunwa, na mavi madogo meusi yametawanyika juu ya meza. Hapo hasira humpanda, naye huenda kwa mchuuzi wa kwanza amwonaye njiani akanunua chochote aambiwacho kwamba chaua panya. Siku chache baadaye huenda panya wawili watatu wamekufa. Lakini huenda pia kuku amekufa, au mbwa, au, jambo la kuogofya kuliko yote, mtoto amekimbizwa hospitali. Na baada ya miezi miwili panya wamerudi kama kwamba hawakuondoka kamwe.

Makala hii yakusudia kueleza kwa nini mambo huwa hivyo, na kuzipima njia mbalimbali za kupigana na panya: zipi zafaa, zipi hazifai, na zipi yampasa mtu muungwana kuziacha hata kama zaua. Wahenga walinena, "Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo." Methali hiyo hutumiwa katika mambo ya watu, lakini katika habari za panya wenyewe ni kweli neno kwa neno.

KWANZA TUMJUE ADUI

Sisi twawaita wote panya, wakubwa kwa wadogo, lakini hasa ni watatu wanaotusumbua. Wa kwanza ni panya mdogo wa nyumbani, ambaye uzito wake wapata gramu 20 tu. Wa pili ni panya mweusi wa darini, mkubwa zaidi, apandaye kuta na kamba kwa wepesi. Wa tatu ni panya wa shamba, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis. Jike la panya huyu ana chuchu nyingi kupita wanyama walio wengi, hata 20 na zaidi, naye huweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Mvua zikinyesha vizuri na majani yakastawi, panya hao huongezeka mno, wakafukua mbegu za mahindi mara tu zikiisha kupandwa.

Panya mdogo wa nyumbani huchukua mimba kwa muda wa majuma matatu hivi, huzaa watoto watano hata wanane, na watoto hao nao huwa tayari kuzaa wafikapo umri wa majuma sita hata manane. Basi mtu aliyeua panya kumi katika ishirini, na chakula akakiacha wazi, hajapunguza kitu. Amewafanyia nafasi tu wale waliosalia. Jambo hili msomaji alishike, maana ndilo msingi wa maneno yote yafuatayo.

Kadhalika yafaa kujua kwamba tundu lenye upana wa robo ya inchi, yaani unene wa penseli, lamtosha panya mdogo kupita. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo hutafuna mbao, plastiki, hata nyaya za umeme, na nyaya zilizotafunwa zaweza kuleta moto. Yeye hula kidogo, lakini huharibu mengi kwa mkojo na mavi yake.

Tena yapo maradhi. Homa iitwayo leptospirosi hupatikana kwa mkojo wa panya. Na tauni je? Mwaka wa 1902 tauni ilizuka Nairobi katika mtaa wa maduka ya Wahindi, na mtaa huo ukachomwa moto. Ugonjwa huo huenezwa zaidi na viroboto waishio katika manyoya ya panya. Panya afapo na mwili wake kupoa, viroboto humwacha wakatafuta mwili mwingine wenye joto, na mwili huo waweza kuwa wako. Kwa sababu hiyo, mahali penye tauni, kuua panya kwa pupa kabla ya kuua viroboto ni kujiletea hatari. Ukiona panya wengi wamekufa bila sababu ijulikanayo, usiwaguse. Mpashe habari bwana afya upesi.

MASWALI MATATU

Kila njia ya kupigana na panya na ipimwe kwa maswali matatu. La kwanza: je, yapunguza panya kweli, au yatupa furaha ya siku mbili tu? La pili: mnyama huteseka kwa muda gani kabla ya kufa? La tatu: ni nani mwingine awezaye kuingia katika mtego huo?

Wapo watakaocheka wakisikia swali la pili. "Panya naye ahurumiwe?" watasema. Jibu ni hili. Kumuua panya aharibuye chakula cha watoto si ukatili. Kila mtu ana haki ya kulinda ghala lake. Lakini haki ya kuua si ruhusa ya kutesa. Panya huona uchungu kama mbuzi na ng'ombe waonavyo. Mchinjaji mwema hunoa kisu chake kabla hajamlaza mnyama, wala hakuna amwonaye kuwa mwoga au mpumbavu kwa sababu hiyo. Kumbe mnyama tunayemla tumemwekea adabu ya kifo. Kwa nini mnyama tumchukiaye tusimwekee?

SUMU

Sumu ndiyo njia inayopendwa na wengi, kwa kuwa haina taabu. Zipo za namna mbili: ya haraka na ya polepole.

Sumu ya haraka ijulikanayo sana ni zinki fosfaidi, unga wa rangi ya kijivu wenye harufu kama ya kitunguu saumu. Ukifika tumboni hutoa hewa ya sumu, na panya hufa kwa muda wa saa chache. Lakini panya aliyeonja kidogo akaugua bila kufa hataigusa tena. Tena sumu hii haina dawa ya kuipinga. Mtu akiila, daktari hana kitu maalumu cha kumpa ila kumhudumia tu. Kwa hiyo ni kitu cha kutumiwa shambani chini ya uongozi wa wenye ujuzi, wala si cha kuwekwa jikoni.

Sumu ya polepole ina historia ya ajabu. Katika miaka ya 1920 huko Marekani na Kanada ng'ombe walianza kufa kwa kutokwa na damu, baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Bwana Karl Paul Link na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walitafuta sababu, wakakuta ndani ya majani hayo kitu kizuiacho damu isigande. Kutokana na uvumbuzi huo ilitengenezwa warfarini, iliyoanza kutumiwa kuua panya mwaka wa 1948. Panya huila siku baada ya siku bila kushuku, kisha damu humtoka ndani ya mwili, naye hufa baada ya siku kadhaa.

Katika swali la kwanza sumu hii ilishinda mwanzoni. Lakini mwaka wa 1958 walionekana panya huko Scotland wasiodhurika nayo, na katika miaka ya 1970 zikaundwa sumu kali zaidi, kama vile brodifakumu. Katika swali la pili yashindwa wazi, kwa kuwa kifo cha siku kadhaa si kifo cha adabu. Na katika swali la tatu yashindwa vibaya zaidi. Sumu hizo mpya hukaa katika ini la panya kwa muda mrefu. Panya aliyezila, kabla ya kufa, huzubaa na kutembea mchana, na ndiye akamatwaye kwa urahisi na paka, mbwa, kipanga au bundi. Nao hulishwa sumu ile ile. Hivyo mtu huwaua wale ambao wangalimsaidia bure. Panya hurejea kwa majuma. Bundi hurejea kwa miaka.

Ya hatari kuliko zote ni ile iuzwayo na wachuuzi katika vituo vya magari, ndani ya vikaratasi visivyo na maandishi. Mnunuzi hajui ni kitu gani. Yawezekana ni sumu kali ya mashambani iliyofungwa upya. Nchini Kenya dawa za namna hii husajiliwa na bodi maalumu iliyowekwa kwa sheria mwaka wa 1982. Dawa isiyo na maelezo wala nambari ya usajili isinunuliwe hata kama bei yake ni ndogo.

Ikiwa hapana budi kutumia sumu, basi zishikwe kanuni hizi. Iwekwe ndani ya sanduku lililofungwa, lenye tundu la kumtosha panya peke yake. Isichanganywe na chakula kilichoachwa wazi, wala isitiwe katika chupa ya soda. Panya waliokufa watafutwe kila siku na kuzikwa chini sana. Na mtoto akidhaniwa kuwa amekula sumu, apelekwe hospitali mara moja pamoja na kile kikaratasi, hata kama aonekana mzima na acheza. Sumu ya polepole haionyeshi dalili siku ile ile, na dawa ya kuiponya, ambayo ni vitamini K, hufaa zaidi ikitolewa mapema.

GUNDI

Siku hizi madukani huuzwa vibao vyenye gundi. Si jambo jipya. Ni ulimbo ule ule ambao wavulana walinasia ndege tangu zamani. Watu huipenda kwa kuwa haina sumu, nao hudhani kwamba ni njia ya upole. Mwandishi wa makala hii alidhani hivyo pia, akaweka kibao kimoja nyuma ya kabati. Usiku alisikia kilio chembamba kisichokoma. Asubuhi alimkuta panya angali hai, amejichuna ngozi ya mguu kwa kujinasua, na kando yake mjusi wa ukutani amenaswa vile vile, mjusi ambaye kazi yake ilikuwa kutulia mbu. Hapakuwa na njia ya kumwokoa hata mmoja. Ilibidi kuwaua wote wawili. Kibao cha pili hakikufunguliwa.

Mambo kama hayo yamezifanya nchi kadhaa kuikataza gundi. New Zealand iliwekea mipaka matumizi yake tangu mwaka wa 2015. Wales iliipiga marufuku mwaka wa 2023, na Uingereza ilitunga sheria mwaka wa 2022 ambayo, tangu tarehe 31 Julai 2024, yamkataza mtu asiye na leseni kutega panya kwa gundi. Hata pasipo sheria, gundi haifai: panya ateseka kwa saa nyingi, na mwenye nyumba hatimaye hulazimika kumuua kwa mkono wake mwenyewe, kazi ambayo alinunua gundi ili aikwepe.

NDOO YA MAJI NA MTEGO WA TUNDU

Wengi hutega kwa ndoo: kijiti chenye chambo huwekwa juu yake, panya akikikanyaga chazunguka, naye hutumbukia majini. Njia hii hukamata wengi kwa usiku mmoja, tena gharama yake ni ndogo. Ila kufa maji si kufa haraka. Panya huogelea mpaka achoke. Aitumiaye ndoo na aiache bila maji, iwe ndefu na yenye kuta laini, kisha alfajiri awaue walionaswa kwa pigo moja zito la kichwa.

Wenye moyo laini hutumia mtego wa tundu, wakamchukua panya hai na kumwachia mbali. Nia yao ni njema, lakini yafaa tuseme kweli. Ukimwachia karibu, atarudi. Ukimwachia mbali, mahali asipojua shimo wala chakula, yaelekea atakufa kwa njaa au kuliwa. Na ukimwachia karibu na nyumba ya jirani, umempelekea jirani taabu yako pamoja na maradhi yake. Mtego huo ukisahauliwa kwa siku mbili, panya hufa humo kwa kiu, nacho ni kifo kibaya kuliko cha mtego wa kufyatuka.

MTEGO WA KUFYATUKA

Mtego wa kibao na kamani, ule unaofyatuka ghafula, ulipewa hati ya uvumbuzi huko Marekani mwaka wa 1894 kwa jina la Bwana William Hooker wa Illinois, na mpaka leo haujabadilika sana. Ukiwa mzuri na kutegwa vyema, huvunja shingo ya panya mara moja. Hauna sumu, na kila asubuhi mwenye nyumba huona kwa macho yake kilichokamatwa. Katika njia zote za kuua, huu ndio ujibuo maswali yote matatu vizuri zaidi. Lakini lazima utegwe kwa akili.

Panya hapendi kupita katikati ya chumba, hufuata ukuta. Basi mtego uwekwe ukiuelekea ukuta, upande wa chambo ukiugusa. Chambo kiwe kidogo, kama punje ya harage, tena kifungwe au kipakwe kisichopoke: karanga zilizosagwa, dagaa mkavu, au kipande cha nazi iliyochomwa. Panya mdogo hatembei mbali na shimo lake, kwa hiyo mitego sita kwa usiku mmoja yafaa kuliko mtego mmoja kwa usiku sita. Panya mkubwa huogopa kitu kigeni. Kwake yeye weka chambo juu ya mtego usiotegwa kwa siku tatu nne, na akiisha kuuzoea, ndipo utege. Mtego wa panya mdogo usitumiwe kwa mkubwa, maana utamvunja mguu tu. Na penye watoto au kuku, uwekwe ndani ya sanduku lenye tundu.

Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, umzike, kisha unawe kwa sabuni. Mavi yake yasifagiwe yakiwa makavu, vumbi likavutwa puani. Yaloweshwe kwanza kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu, kisha yapanguswe.

PAKA NA BUNDI

"Akiondoka paka, panya hutawala." Paka mwema huwazuia panya wasifanye makao, na harufu yake tu huwatia hofu. Lakini penye panya wengi mno hawamalizi, tena huua na ndege. Afugwe na alishwe. Paka asiyelishwa huhama.

Bundi ni mwindaji mkubwa kuliko paka, naye katika sehemu nyingi za nchi yetu hupigwa mawe kwa kudhaniwa kuwa ni ndege wa uchuro. Wakati huo huo, wenye mashamba ya michikichi huko Malaysia, na wakulima wa Israel, huwatengenezea bundi masanduku ya kutagia ili waje kuwinda panya shambani. Wale humjengea nyumba ndege tunayemfukuza sisi. Anayesikia sauti ya bundi usiku karibu na ghala lake angefanya vyema kumwacha aendelee na kazi yake.

NJIA ILIYO BORA KULIKO ZOTE

Twarudi sasa kwenye lile jambo tuliloomba lishikwe. Panya hafuati nyumba. Hufuata chakula na maficho. Akikosa hivyo viwili hazai sana, wala hakai. Kwa hiyo njia ishindayo nyingine zote haiui panya hata mmoja, haimtesi mnyama yeyote, wala haimdhuru mtoto wa mtu.

Jikoni, unga na mchele vitiwe katika madebe au ndoo zenye vifuniko vya kubana. Vyombo visilale bila kuoshwa, na chakula cha mbwa kisiachwe nje usiku. Matundu yazibwe kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha yapakwe saruji juu yake. Matambara na karatasi panya huyatafuna. Chini ya mlango lipigiliwe bati, pasisalie hata robo ya inchi.

Ghala liinuliwe juu ya nguzo, futi tatu kutoka ardhini kwa uchache. Katika kila nguzo livishwe bati lililokunjwa kama pia iliyofunikwa, mdomo wake ukielekea chini, ili panya apandaye akutane na dari asiloweza kulizunguka. Bati kuukuu lafaa. Ghala lisiwe karibu na ukuta wala matawi ya mti, na ngazi iondolewe kila jioni, maana bati bila kuondoa ngazi ni kazi bure. Pipa la bati la kuhifadhia nafaka huzuia panya na wadudu pamoja. Mifuko ya siku hizi isiyopitisha hewa ni mizuri sana kwa dumuzi, lakini panya huitoboa, na ikitobolewa faida yake yote imekwisha. Basi nayo iwekwe mahali panya hafiki.

Shambani, magugu ya kingoni yafyekwe kabla ya kupanda, na majirani wafanye hivyo kwa juma moja. Mmoja akifyeka peke yake, panya watahamia kwa mwenzake na kurudi mahindi yakiota. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa ufupi, utaratibu ni huu: kwanza funga chakula, pili ziba matundu, tatu tega mitego ya kufyatuka kwa wale waliobaki ndani, na sumu iwe ya mwisho kabisa, kwa kanuni zilizotajwa. Watu wengi huanza na sumu na kumaliza na sumu, wala hawafiki kamwe kwenye kifuniko cha debe.

Kazi ya kuziba matundu haina fahari, na siku ile uifanyapo hapana panya mfu wa kuwaonyesha majirani. Lakini miezi miwili ikiisha, usiku ukiwa kimya darini na gunia likiwa zima, mwenye nyumba atajua kwamba ameshinda, tena bila ya kuwa na kitu katika kabati lake ambacho mtoto hapaswi kukigusa.